Gramu Hamsini

Mimi fundi wa mizani, kibanda changu si nyumba,
Kongowea, ukingoni, nyuma ya wauza kamba;
Bisibisi mfukoni, na kitambaa cha pamba:
Kilo yako ikiyumba, ilete, keti bencheni.

Joho langu la kanisa, hulinyosha Jumamosi,
Kengeleni, tatu hasa, mimi niimbaye besi;
Madirisha hutikisa sauti yangu nyeusi,
Hata mwenyewe kasisi husema ni ya mbinguni.

Akaja bwana Mwamburi, muuza pojo na kunde,
Akaiweka vizuri mizani, jicho upande,
Kaninong'oneza siri: «Fundi, nataka upinde
Springi kidogo, ipande gramu kama hamsini.

«Hamsini hiyo nini? Konzi moja ya mtoto!
Nani aone, sokoni, kwa makelele na joto?»
Elfu mbili mkononi akanitia, za moto.
Na Mghoi, karo nzito, alifukuzwa shuleni.

Nilipinda. Sikusita. Robo mzunguko, basi.
Mshale ukafuata, ukainama upesi.
Nikasema, «Nitaleta fungu la kumi, halisi.»
Joho nikapiga pasi, likaning'inia ndani.

Kadzo, anayefulia wenye nyumba kule Nyali,
Kunde akanunulia wanawe, nusu kamili;
Kwa mkono kapimia uzito, mara ya pili,
Akacheka: «Kumbe, kweli, mkono wangu mhuni!»

Mkono ule wa jiki, uliochubuka kucha,
Ulisema kweli, haki; kangani akauficha.
Nami hapo sitamki, ulimi umeniacha.
Sikulala hadi kucha, springi yalia kichwani.

Wimbo ukaja; tenori ikapanda, ikaanza;
Nikajiweka tayari, pumzi nikiitunza.
Ikatoka kama gari linalosukumwa kwanza!
Mwalimu akanichunza. Nikashuka jukwaani.

Nikavuka barabara na viatu vya ibada.
Mwamburi yuko imara, na wateja, kawaida.
Nikasema, «Ni hasara yangu; niruhusu muda.»
Nikaing'oa kwa shida sahani ile mezani.

Kelele zake! Matusi ya Kipwani, na ya bara!
Nikampa, kwa kiasi, elfu moja ya ijara;
Nyingine, si kwa upesi, nalipa mara kwa mara.
Na Mghoi, kwa subira, mwezi mzima nyumbani.

Wateja wangu wa kale wamekwenda kwa Mkoba,
Wasema, «Fundi wa pale ana wokovu wa shaba.»
Huenda. Mimi ni yule aliyepinda, kaiba.
Sina kubwa la kubeba mbele ya Mungu, jamani.

Ila nimeona hoja, nyembamba kama sindano:
Sifa zangu za pamoja, za besi na mlingano,
Hazipandi hata moja, mwizi akiwa mkono.
Bwana hupimia neno kwenye sahani sokoni.

Sasa ninapofungua kibanda, kabla ya chai,
Sahani naipangua, nafuta, wala sidai;
Kutu nikiikwangua nanong'ona, «Uko hai.»
Hiyo ndiyo yangu rai, na sala ya kibandani.

Kwaya bado; sina budi nikae safu ya nyuma,
Naimba bila juhudi, karibu na kina mama.
Mwalimu asema, «Rudi, besi imekosa kima.»
Namjibu, «Ninapima; deni bado li shingoni.»

Juzi Kadzo kapitia, nusu ileile tena;
Mfuko akashikia, akatulia, kaona.
Nilikwenda kumwambia kosa langu, na kwa jina.
Kimya. Kisha akanuna, akenda zake njiani.

Halafu akageuka, mkono kauinua:
Si salamu, si dhihaka, hadi leo sijajua.
Mshale ukazunguka, sahani nikichukua,
Ukayumba, ukatua kwenye sifuri, makini.