Swali la Nne

Fomu ina maswali tisa. La nne linauliza:
Nini kilikusukuma kuanzisha biashara hii?
Nafasi ya jibu, mistari miwili.

Nimeandika "kuwainua akina mama wa Kitangari,"
nikafuta. Karatasi imechubuka hapo, kama ngozi.

Siku ile tulikwenda kusajili laini ya simu,
mimi na mama, Bi Somoe,
foleni hadi barazani.
Kijana wa mashine akasema, weka kidole. Akaweka.
Weka kingine. Akaweka.
Futa kwenye kanga, mama, bonyeza tena.
Vidole kumi, na mashine kila mara
ikalia mlio uleule mfupi.
"Huyu hana alama," kijana akasema,
akiniambia mimi, si yeye.

Miaka thelathini ya kubangua korosho kwa kirungu,
mafuta ya ganda yakila polepole
mistari aliyozaliwa nayo.
Korosho zikafika mezani kwa watu
nzima, nyeupe, hazina doa.

Mama akacheka: "Basi hata nikiiba hawanipati!"
Foleni nzima ikacheka naye.
Mimi sikuweza.

Sasa tuko kumi na wanne chini ya bati.
Glavu tunanunua kwa mchango,
bei tunaandika ubaoni kwa chaki
ili mtu wa kangomba aisome
kabla hajafungua mdomo.
Mwaka wa kwanza tulikula hasara.
Wa pili, Bihawa akatoka. Alisema
glavu zinampunguzia kasi,
na wanawe hawali usalama.
Sikuwa na jibu. Bado sina.

Kwa hiyo niandike nini, upendo?
Mna hasira humo. Mna na aibu:
karo yangu ilitoka kwenye vidole vile,
na nikirudi shule nilichagua zilizovunjika,
nikatafuna, nikaomba nyingine.

Mwisho wa fomu: Sahihi au dole gumba la mweka hazina.
Mweka hazina ni mama.
Amekuja na unga mikononi, amejifuta,
amekanyaga wino, amekanyaga karatasi.
Limebaki doa jeusi, laini kama kokoto ya mtoni,
halina mstari hata mmoja.

"Wataikataa," amesema.

Nimechukua kalamu.
Kutoka swali la nne, pale palipochubuka,
nimechora mshale mrefu
hadi kwenye doa lile.