Pini

Ijumaa jioni, ziwa limeanza kuganda pembezoni,
tulishuka kwenye magari saba, wanawake thelathini na mmoja,
na masufuria, na mito, na Biblia zenye zipu,
na Trudi Hiebert na orodha yake, kama karani wa mizani.
Mnenaji wetu amekwama Winnipeg. Theluji imefunga barabara.
"Basi Bwana atanena mwenyewe," Trudi akasema,
akalikata jina la mnenaji kwa rula.

Mimi, kusema kweli, sikuja kumtafuta Bwana.
Nina watoto watano, ng'ombe tisini wa kukamuliwa alfajiri,
na mume mwema anayekoroma.
Nilikuja kutafuta usingizi.

Jumamosi tukapewa saa tatu za kunyamaza.
Neta Funk akaenda chini ya msonobari, daftari gotini.
Lieschen akabaki dirishani, akilia taratibu:
kijana wake ameapa jeshini,
na kwetu sisi huo ni msiba usio na jeneza.
Wengine waliizunguka fremu ya mfarishi
tunaoushonea mnada wa kusaidia wakimbizi,
sindano zikizama, zikiibuka, pasipo neno.
Nikapita nyuma ya jiko, nikafungua banda la boti.
Humo, jaketi za kuokolea watu, rundo zima la rangi ya chungwa,
zikisubiri kiangazi.
Nikapiga magoti. Nilikusudia kuomba, Mungu shahidi.
Nikasema, "Baba yetu,"
nikafika "uliye,"
basi.

Kitu kilinichoma bega nikaamka.
Giza limeingia. Juu yangu mfarishi,
ule ule wa kwenye fremu, haujamalizika,
viraka vya buluu na vya kahawia, pamba yachungulia upande mmoja,
na pini zake zote bado zimo.
Mtu ameufungua, kazi ya wiki sita,
akaubeba hadi bandani huku theluji ikidondoka,
akanifunika mimi, ninayekoroma kumshinda mume wangu.

Jikoni nikauliza ni nani.
Ghafla kila mmoja ana viazi vya kumenya.

Usiku tukatawadhana miguu.
Trudi akatupanga wawili wawili; mimi nikaangukia kwa mavyaa,
Aganetha.
Miaka kumi na saba mimi ni mke wa mwanawe,
na neno lake ninalolikumbuka
ni kwamba nguo zangu huanikwa saa nne,
ilhali za majirani hupepea tangu saa moja.
Akavua soksi. Mguu mwembamba, mweupe kama figili,
na kidole cha mwisho hakipo.
"Baridi," akasema. "Nilikuwa na miaka sita. Ndama alipotea."
Miaka kumi na saba, na sikujua.
Nikamtekea maji kwa kiganja.
Na pale, kwenye pindo la sketi yake,
uzi wa buluu, shubiri nzima, umenasa.

Nikautazama. Akaniona ninavyoutazama.
"Maji yanapoa," akasema.
Nikaongeza ya moto.

Kisha tukaimba kwa sauti nne, bila kinanda.
Wanaume hawapo, kwa hiyo Neta akaishukia besi
hadi koo likamgomea,
tukacheka katikati ya ubeti.
Trudi hakuandika popote.

Jumapili barabara ikafunguka.
Mfarishi ulisharudi kwenye fremu. Mtu akahesabu pini:
imepungua moja.
Nikanyamaza. Ilikuwa ndani ya ukosi wa koti langu,
na mpaka leo imo.

Mume wangu alinipokea mlangoni, mtoto kwapani, uji kwenye ndevu.
"Enhe, Bwana kanena nini?"
Nikasema, "Nililala."
Akasubiri niendelee.

Jumatatu nikakamua, nikafua,
nguo nikazianika saa nne, kama kawaida yangu.
Zikaganda kambani, moja baada ya nyingine.
Gari la mavyaa likaja barabarani,
likapunguza mwendo mbele ya ua,
likasimama kidogo,
likaenda.