Rangi ya Kuzuia Kutu

Babangu Aulis alikwangua kutu
miaka thelathini kwenye chelezo cha Rauma,
brashi ya waya mkononi, sigara mdomoni,
matumbo ya meli juu ya kichwa chake.
Usione vyaelea: vilikwanguliwa kwanza.

Baridi ya themanini na sita ikaja barua.
Watakiwa wanaume wavutao, wa hamsini na ushei.
Muuguzi Kyllikki akamweleza kwa lugha ya chelezo:
hewa inayokula chuma
hula na nyama, polepole,
na ndani ya karoti mna kitu kinachoizuia.
"Rangi ya kutu, basi," baba akacheka,
akatia sahihi.

Kila asubuhi, kabla ya kahawa,
kabla ya sigara ya kwanza,
kidonge kutoka kwenye karatasi yenye siku zake.
Jumatatu, pu. Jumanne, pu.
Hakuruka hata siku tuliyomzika mama.
Viganja vikaingia umanjano.
Nikamwita Karoti;
akanifukuza na taulo la sauna mpaka thelujini.

Miaka ikapita. Barua ya pili ilikuwa fupi, ya adabu:
kinyume cha matarajio.
Wavutaji waliopewa ile ya karoti
waliugua mapafu zaidi. Zaidi, si pungufu.
Baba aliisoma wima, koti hajalivua.
"Na mimi nilimeza ipi?"

Jibu likaja mwezi wa tano: chako kilikuwa kitupu.
Umanjano ulikuwa wa tumbaku tu.
Alifoka, "Miaka yote hiyo nimemeza chaki!"
kisha akamkumbuka Tauno, wa brashi ya pili,
akakaa kwenye ngazi na viatu vyake vya matope.

Hakuna awezaye kusema ni kidonge kilichomuua Tauno.
Sigara ilitosha.
Ila hesabu ilikuwa hesabu,
na baba hakuizungumzia tena.

Leo, duka la dawa, mtaa uleule,
chupa ya antioksidanti, euro ishirini na tisa,
jua limechorwa kwenye kibandiko.
Binti wa kaunta ananiambia ni ya asili,
kama haikusaidii, haikudhuru.
Nashika chupa. Ni nyepesi.

Namsikia baba akimkaripia mwanagenzi
aliyetaka kwenda nyumbani mapema:
Kwangua kwanza, we mtoto.
Ukipaka juu ya kutu
umeifungia ndani.