Kopo la Pili

Usiku wa tatu wa bani, hapa Usisya,
majani yamegeuka njano, mishipa bado mibichi,
na Mlekwa anafungua kopo la pili.
Tsss.
Kama nyoka aliyekanyagwa mkia.

Moto wa tumbaku hauachwi peke yake.
Ukipitiwa, joto linashuka, jani linaota madoa;
ukizidisha kuni ukasinzia,
unaamka na jivu, na jina lako lipo palepale
kwenye daftari la chama cha msingi:
mbolea mifuko minane, dawa, kamba,
vyote vya mkopo.
Basi tukakopa na usingizi,
dukani kwa Kashindye,
kopo refu lenye radi ubavuni.

Kopo linasema linatia nguvu.
Nililigeuza kwenye mwanga wa tanuru nikaliuliza:
nguvu umeitoa wapi? Hukulima.
Hukufunga hata fungu moja.
Nikasoma maandishi yake ya chini, madogo kama mayai ya chawa:
kafeini, kisha tarakimu,
kisha onyo, asipewe mtoto, wala mjamzito,
wala mama anyonyeshaye.
Nikasoma mara mbili.
Kisha nikanywa, maana ilikuwa zamu yangu.

Utamu kwanza.
Halafu ulimi kama umelamba betri.
Halafu moyo:
ulikuwa mchi mmoja, kinu kimoja, polepole,
sasa wamejitokeza wanawake watatu
wanatwanga kwa kupokezana kifuani mwangu,
na kinuni hamna hata punje.

Kabula ana miezi mitatu. Alizaliwa mvua ikipiga bati.
Siku hizo alilala hata ngurumo zikipita juu yake.
Sasa saa nane za usiku amekodoa macho.
Nimempa ziwa la kushoto, nimempa la kulia,
ananyonya, anashtuka,
vidole vinachezacheza
kama karani anayehesabu pesa za watu wengine.
Mama mkwe akasema ni jicho, akamfunga uzi mweusi mkononi.
Jirani akasema ni moshi.
Mimi nilinyamaza.

Zahanati, nesi Perpetua hakuanza na kipimo.
Alisema: unakunywa nini, mama?
Nikasema maji. Akaendelea kuandika.
Nikasema chai, kidogo. Akaendelea kuandika.
Nikasema, na kile cha kopo. Mawili.
Siku nyingine matatu.
Akaweka kalamu.
"Basi na huyu anakunywa," akasema,
"ila yeye hana bani la kulinda."

Siku ya kwanza bila kopo
kichwa kilinidai kwa mikono miwili.
Siku ya pili nilimgombeza kuku.
Siku ya nne Kabula alilala mgongoni mwangu, mchana kweupe,
akadondosha mate mpaka khanga ikalowa,
nikaogopa kuinama.

Bani tulilimaliza. Majani yametoka rangi ya asali,
yananukia, yanangoja soko na maneno ya mnunuzi.
Makopo nimeyatoboa, nimetia utambi na mafuta ya taa:
vibatari kumi na saba.
Ndiyo nguvu pekee niliyoiona ndani yake.

Lakini Mlekwa.
Moto umezimwa tangu juzi, naye bado yuko zamu.
Amelala chali, anatazama paa,
mkono uliokuwa ukishika kipimajoto unatikisika juu ya shuka
kama bado unasoma namba.
Nimeweka sikio kifuani kwake:
wale wanawake hawajaenda nyumbani.
"Nifungulie kimoja tu," ananong'ona, "nipate kutulia."
Tumecheka. Halafu tukaacha kucheka.

Nikamwekea Kabula katikati yetu.
Nikamwambia, hesabu pumzi zake, si za kwako.
Akaanza, kwa sauti, kama anayehesabu mitumba ya tumbaku ghalani.
Nilimsikia akifika arobaini na moja.
Sijui kama alilala.
Mimi nililala.