Kitufe cha Tabu

Shekue, aliyenikabidhi meza hii
katika zahanati ya wazazi, Makupa,
alinitazama siku ya kwanza nikiandika
jina zima la faili, herufi kwa herufi,
nikakosea, nikafuta, nikaanza tena,
akavuta kiti.
"Mwanangu, wachoka bure.
Andika tatu za mwanzo, kisha bonyeza pale kushoto,
penye mishale miwili iliyogonga ukuta.
Hicho chaitwa tabu."
"Tabu?"
"Tabu. Ndicho kiondoacho tabu."
Akacheka peke yake, kikohozi kikamkatiza.

Nikaandika *rip*. Nikabonyeza.
Skrini nyeusi ikajazia *ripoti_ya_chanjo_machi*,
kama jirani akutoaye neno mdomoni
hata hujavua viatu.

Tangu hapo sijamaliza jina.
*Cha*, tabu. *Mal*, tabu.
Malori ya makontena yafunga breki mzungukoni,
dirisha latetemeka, nami naandika nusunusu,
na kidole changu cha mwisho, cha mkono wa kushoto,
ambacho tangu kuumbwa hakikuwa na kazi
ila kujikunja kando ya kikombe,
sasa ndicho karani mkuu.

Lakini Mombasa ina majina yake.
Andika *mwana*, bonyeza:
tii!
kama kifaranga kilichokanyagwa.
Bonyeza tena, yateremka:
*mwanaesha mwanahamisi mwanaidi
mwanajuma mwanakombo mwanamkuu
mwanasha mwanasiti mwanatumu*
wanawake wa kisiwa kizima wamejaa mlangoni,
kadi za kliniki mkononi,
kila mmoja aangalia kama ni yeye aliyeitwa.
Mashine yangoja. Haikisii.
Yataka herufi moja tu.

Mamangu hukisia.
Tulikuwa mabinti watano, Mwembe Tayari,
na wote, kwa mapenzi ya bibi mzaa baba, tulianza na Mwana.
Gesi ikiisha, mama husimama mlango wa jikoni:
"Mwanaidi! Mwanasha! Mwanasi... wewe!"
Huyo "wewe" ndiye mimi, kitinda mimba.
Nimeitika majina ya wenzangu
hadi nikadhani ni ya familia, kama sufuria.
Siku nyingine huteleza hadi kwa Mwanatumu,
aliyetangulia,
na hapo ulimi wake husimama.
Sote husimama.
Hakuna aliyewahi kumwambia alifute.

Jana usiku amezaliwa mtoto wa kike, kilo tatu na robo.
Bado hana jina, kwa hivyo yumo humu kama
*mtoto_wa_mwanamkuu*.
Leo babake, Kombo Shali, fundi wa friji wa Tudor,
amekuja dirishani na karatasi iliyokunjwa mara nne.
"Si Mwana chochote," amesema mapema.
"Mamake amekataa. Asema wametosha."

Nimeiambia mashine ibadilishe.
*Mto*, tabu, *mwanam*, tabu:
jina la zamani limejimalizia, kama kawaida yake.
Kisha *thu*, tabu.
Tii.
Mara ya pili. Tii.
Hakuna safu iliyoshuka, hakuna aliyekuja mlangoni.
Shekue hakunifunza haya, au alinifunza nikawa nacheka:
kitufe hiki hujua yaliyokwisha kuwapo,
basi.

"Nisomee," nimemwambia Kombo.
Amekunjua karatasi, akaiweka kwenye kioo.
"R," amesema. "E."
Mikono yake ilinuka gesi ya friji.
"Y. Si I, tafadhali. Y."
Nimeandika taratibu, kwa vidole vyote,
hata hicho kivivu kimetafutiwa kazi.
"A," amesema,
akainamisha kichwa, angoja kitu kilie.

Hakikulia.
*Thureya* limekaa pale, jeupe juu ya weusi,
na kishale kikipepesa ubavuni mwake.
Kombo amelitazama kitambo,
kisha ameikunja karatasi tena, mara nne,
akaitia mfuko wa shati.