Kaye ya Baba Numbi

Mwezi wa nane, Lubumbashi imekauka koo.
Barabara ya Kasapa inagawa vumbi lake jekundu
bila kuchagua: profesa, muuza makaa, mbuzi.
Ndipo wakafunga kamera langoni mwa chuo,
jicho moja jeusi, dogo kama mbegu ya papai,
na bariyeri mpya inayojiinua yenyewe.

Mimi ndiye niliyetumwa kwa Baba Numbi
kuichukua kaye yake.
Miaka kumi na tisa ya magari
kwa wino wa bluu, na mwekundu pale bluu ilipoisha.
"Ingiza plaki tu," waliniambia ofisini,
"plaki, jina, na kama amelipa."

Safu tatu.
Kaye ilikuwa na mengi zaidi.

*Toyota nyeupe, 4417. Mlango wa kushoto haufungi,
kaa karibu mpaka arudi.*

*Nissan ya Asistenti Kapend. Betri imekufa.
Iegeshwe mteremkoni, vijana wataisukuma.*

*Ya Mama Mujinga wa maktaba. Amefiwa na mume.
Usimdai hadi Pasaka.*

Na chini yake, kwa wino mwingine:
*Pasaka imepita. Bado usimdai.*

Mashine ikaniuliza: amelipa? Ndiyo. Hapana.
Nilitafuta kitufe cha tatu
mpaka chai yangu ikapoa.

Kituoni nako walitundika kioo
cha kutuambia basi la Katuba liko wapi.
Dakika nne, kikasema saa moja asubuhi.
Dakika nne, saa mbili.
Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walizisubiri kwa heshima;
wa mwaka wa tatu walikwisha kuondoka kwa miguu.
Kumbe tulikuwa tunaifuata simu ya dereva,
na simu ilikuwa kwa kinyozi wa njia panda, ikichajiwa,
dakika nne kamili kutoka hapa.
(Kosa hilo ni langu. Sikulisema kikaoni.)

Jumatano jicho likaacha kusoma.
Vumbi limekaa kwenye plaki, vumbi limekaa kwenye kioo,
na bariyeri imelala kama mkono wa mtu aliyenuna.
Honi zikafika hadi kwa wauza maandazi.
Mtaalamu wa kampuni alikuwa kwenye simu,
akisema tuzime, tuwashe, tuzime.

Baba Numbi akainuka kutoka kwenye kiti chake cha plastiki,
akachovya kitambaa ndani ya kopo la maji,
akapanda juu ya tofali,
akalipangusa jicho polepole
kama unavyompangusa mtoto tongo kabla ya shule.
Bariyeri ikapanda.
Hakuna aliyepiga makofi. Watu walikuwa wamechelewa.

Siku hizi ana fulana yenye maandishi mgongoni:
MSAIDIZI WA MFUMO.
Mshahara ni uleule, ukitoa bei ya fulana.
Anapangusa asubuhi, anapangusa saa sita,
na umeme ukikatika anainua bariyeri kwa bega,
huku akiwaita wenye magari kwa majina ya watoto wao.

Baiskeli yake haina plaki.
Kamera humtazama, haimwoni.
Kila alfajiri hushuka, huilaza baiskeli ubavu,
huivuta chini ya ule mti wa chuma,
mtu aliyewafungulia watu wote,
kisha hujikung'uta magoti na kuwasha redio.

Usiku mmoja, bila kumwomba mtu ruhusa,
niliongeza safu ya nne.
Herufi arobaini tu, ndizo zilizobaki.
Nikaanza na Mama Mujinga:
*Amefiwa. Bado usimdai.*
Nikahesabu pamoja na nukta na nafasi: ishirini na mbili.

Zimebaki kumi na nane.
Nilimuuliza Baba Numbi tuandike nini hapo.
Alivaa miwani, akaitazama skrini kwa muda,
akasema niache wazi,
mwaka haujaisha.