Kofia ya Kitambaa cha Sare

Futi yangu ya shingoni imepima viuno vya mabibi harusi,
mabega ya waliotoka Shimo la Tewa
wakitaka suruali ya kuanzia maisha.
Sikujua itapima kivuli.

Ni Sista Mkawasi wa kliniki aliyenifunza.
Alitutoa nje, mimi na Mwanahalima,
tukasimama kwenye saruji iliyopakwa chokaa.
Mtazame mtoto, akasema, kisha tazama chini.
Kivuli kikimzidi urefu, mwache acheze.
Kikiwa kifupi kuliko yeye, mwite ndani.
Na siku ya mawingu?
Siku ya mawingu tazama saa. Wingu ni shela,
si ukuta.

Mwanangu alizaliwa na ngozi isiyojua kujitetea.
Majirani wa Mtongwe walikuja na maneno yao;
mengine nimeyasahau, mengine nimeyatia mfukoni
nikaushona mfuko mara mbili.
Lakini na mimi nilikuwa na kosa langu.
Nilidhani mapenzi ni kumbeba begani Jumapili,
mchana kutwa ufuoni, kifua wazi, mkononi mabuyu,
akarudi mabega mekundu kama yale mabuyu,
asiweze kulala chali wala kifudifudi,
na Mejumaa akimpepea hadi alfajiri
bila kunisemesha.

Siku hizi nampaka mafuta kabla ya chai.
Usipake, alisema Sista,
kama anayepaka siagi ya kukopa:
masikio, kisogo, migongo ya miguu.
Kichupa kikiisha kabla ya mwezi, nakikata kwa mkasi,
nakwangua kilichobaki pembeni.

Shuleni wakasema kofia si sare.
Bwana Kazungu, mwalimu mkuu, mtu wa haki, ndilo tatizo lake:
nikimruhusu mmoja, wengine je?
Sikugombana. Maji ya moto hayachomi nyumba.
Nilirudi cherehanini, nikakata jora lilelile la sketi zao,
ukingo vidole vinne, nikaongeza viwili,
nyuma nikaacha mkia wa kufunika shingo.
Bitana ni kanga ya mama yake,
maandishi yakitazama ndani,
yasomwe na nywele zake peke yake.

Jumatatu nikaiweka mezani.
Hii ni sare, nikasema. Nitafutie uzi mmoja usio wa sare.
Akaigeuza. Akaigeuza tena. Akatazama dirishani:
watoto mia tatu gwarideni, macho yamefinywa,
nusu yao wamejikinga kwa daftari.
Hakusema ndiyo. Alisema,
Mishono yako imenyooka.

Wiki ya kwanza ilirudi nyumbani ndani ya mkoba,
imekunjwa kama barua ya deni.
Wananicheka, Baba.
Nikakosa neno. Nikaipiga pasi.

Kisha Ngumbao, mweusi kama wino, akaanguka uwanjani
mbio za kijiti zikiendelea,
na jioni mama yake akasimama mlangoni na kitambaa:
Nishonee ya huyu pia.
Nani aliwaambia jua huchagua?
Nimeshona kumi na tisa. Ya ishirini iko mezani,
haina ukingo, uzi wa buluu umekwisha.

Jana, saa saba na nusu, tukingoja feri Likoni,
yeye yuko chini ya paa,
mimi nje na furushi langu, kisogo kinaungua.
Akatoka mbio, akaichomoa futi shingoni mwangu,
akainyoosha chini, toka kisigino hadi kichwa cheusi cha sakafuni.
Inchi thelathini, akasoma. Na wewe ni ngapi?
Sijui, mwanangu. Miaka ishirini napima watu,
sijajipima.
Basi njoo huku, akasema,
akanivuta kwa futi yangu mwenyewe.